Mtandao wa banda la uani

Mtandao wa banda la uani ni utaratibu wa kufikisha intaneti iliyoingia kwenye nyumba kubwa hadi jengo jingine lililo katika kiwanja hichohicho, bila kulipia huduma ya pili. Jengo hilo laweza kuwa vyumba vya wapangaji, ofisi, karakana, kibanda cha mlinzi, banda la kuku lenye kamera, au kile ambacho wakazi wa Nairobi hukiita SQ, yaani nyumba ndogo ya watumishi. Njia kuu ni nne: kebo ya shaba, faiba, daraja la redio na nyaya za umeme. Kinachoamua njia ifaayo ni umbali, kuta na paa la majengo, na jinsi kila jengo linavyopata umeme. Ukubwa wa kifurushi hufuata baadaye.

Sababu za waifai kutofika

Ruta za nyumbani hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 na 5. Ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamejaa vifaa vya majirani; ya 5 yana kasi kubwa, lakini hufifia upesi yakikutana na ukuta. Metali huyarudisha yote mawili. Ndiyo maana banda lililozungushiwa mabati huweza kukosa mtandao likiwa mita chache tu kutoka kwenye nyumba, huku la mbao lililo mbali zaidi likiupata. Zege lenye nondo na tangi la maji pia huzuia.

Ruta yenye nguvu zaidi mara nyingi haisaidii, kwa kuwa mawasiliano ni ya pande mbili. Simu iliyo bandani huisikia ruta, lakini jibu lake hutoka kwenye antena ndogo na halifiki. Mtumiaji huona alama ya waifai imejaa na kurasa hazifunguki. Ripita nayo, ikiwa inapokea na kurusha kwa redio ileile, hupunguza kasi kwa takriban nusu. Wengi huiweka ndani ya banda, mahali ambapo mawimbi yameshachoka. Hufanya kazi vizuri zaidi kwenye dirisha la nyumba linalotazama banda.

Kebo ya shaba

Kwa umbali usiozidi mita 100, kebo ya Etheneti ndiyo njia rahisi na thabiti. Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde katika umbali huo wote. Cat6 huweza kubeba gigabiti 10, lakini kwa takriban mita 55 tu; Cat6A hufikisha kasi hiyo hadi mita 100.

Kebo ya nje huwa na ganda jeusi linalostahimili jua. Ya ndani hupasuka ikianikwa juani kwa muda mrefu. Kebo ikifukiwa, hupitishwa ndani ya bomba la plastiki, mbali na waya wa umeme. Mnunuzi huangalia pia kiini chake: sokoni kuna kebo za alumini iliyopakwa shaba, ambazo ni nyepesi na za bei nafuu, lakini hukatika kwa urahisi na hupoteza umeme mwingi njiani.

Upotevu huo una uzito kwa sababu kebo hiyohiyo huweza kubeba umeme wa kuendesha kamera au kifaa cha kurusha waifai, kwa utaratibu uitwao PoE. Kiwango cha kwanza, cha mwaka 2003, kilitoa hadi wati 15.4, na cha mwaka 2009 kilifika wati 30. Baadhi ya redio za nje hutumia volti 24 zisizofuata viwango hivyo, na kuzichomeka kwenye chanzo kisicho chake kunaweza kuziunguza.

Radi na ethi

Udhaifu mkubwa wa shaba ni kwamba inaunganisha majengo mawili kiumeme. Kila jengo likiwa na ethi yake (waya wa kupeleka umeme ardhini), radi ikipiga ardhi ya karibu huifanya ethi moja kuwa na volti nyingi kuliko nyingine, na kebo ya mtandao huwa njia ya kusawazisha tofauti hiyo. Swichi na ruta huungua ingawa radi haikuigusa nyumba. Jambo hili si dogo katika bonde la Ziwa Victoria, nyanda za Kisii na mashariki mwa Kongo, maeneo yanayopigwa sana na radi. Vizuia mshtuko huwekwa pande zote mbili na kuunganishwa na ethi, lakini hupunguza hatari bila kuiondoa.

Faiba

Faiba hupitisha mwanga katika uzi wa kioo, kwa hiyo haipeleki umeme kutoka jengo moja hadi jingine. Huhitaji midia konveta mbili (vigeuzi vya mwanga na umeme), au swichi zenye tundu la faiba. Uzi wa modi moja ukiwa na vifaa vya kawaida huweza kufika kilomita 10, hivyo urefu wa kiwanja si tatizo. Kebo zilizokwisha kufungwa vichwa kiwandani humwondolea fundi kazi ya kuunganisha kwa mashine. Nyingi za kebo za kuning'iniza zina waya wa chuma wa kuzishikilia. Waya huo hukatwa kabla ya kuingia ndani, la sivyo faida ya kukwepa radi hupotea.

Daraja la redio

Pale ambapo haiwezekani kuchimba, kwa mfano kwenye ua uliomwagwa zege, hutumika redio mbili zinazotazamana, kwa kawaida za gigahezi 5. Zinahitaji kuonana bila kizuizi, na nafasi kidogo kuzunguka mstari huo: katika umbali wa mita 100, takriban mita 1 kila upande katikati ya njia. Mwembe ukijaa majani mabichi baada ya mvua, daraja lililokuwa zima huanza kusuasua.

Nyaya za umeme

Adapta maalumu hupitisha data kwenye nyaya za umeme zilizopo. Hufaa pale tu banda linapopata umeme kutoka mita ileile ya nyumba. Banda lenye mita yake ya Luku, au lililo kwenye fezi nyingine, mara nyingi halipati kitu cha maana. Adapta huchomekwa moja kwa moja ukutani, kwa kuwa ekstensheni zenye kinga huchuja mawimbi yake.

Mpangilio ndani ya banda

Njia yoyote kati ya hizo huishia kwenye kifaa cha kurusha waifai ndani ya banda. Ruta ya zamani inafaa, mradi izimwe kazi yake ya kugawa anwani (DHCP). Zikigawa mbili, vifaa hugongana. Jina na nenosiri vikiwa sawa na vya nyumbani, simu huhama yenyewe, huku chaneli zikitofautishwa: 1, 6 na 11 kwa gigahezi 2.4. Wapangaji huwekwa kwenye mtandao wa wageni ili wasifikie kamera na kompyuta za mwenye nyumba.

Malalamiko ya kasi hupimwa kwa kompyuta iliyochomekwa kwa kebo, kwanza kwenye ruta kuu, kisha bandani. Matokeo yakilingana, njia ni nzima, na kinachobaki kuchunguzwa ni waifai ya bandani au kifurushi chenyewe. Yakitofautiana sana, kasoro iko kati ya majengo mawili.