Kutua juu ya maji, 1916

Sisi wa Uvira tuna haki ya kuisimulia vita ya 1914, maana hapa Ziwa Tanganyika ilitugusa mapema. Tarehe 15 Agosti mwaka huo Wajerumani waliishambulia Mokolobu, upande wetu huu, wakazamisha mitumbwi ya watu na kukata waya wa simu. Siku saba baadaye wakaipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, huko Lukuga, Kalemie ya leo. Tangu hapo hakupita mtu ziwani ila kwa ridhaa yao.

Habari za boti za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokokotwa porini mpaka ziwani, zimesimuliwa hata zikachujuka. Mimi nilishika usukani wa boti za mizigo kati ya Kalundu na Baraka mpaka macho yalipochoka, na ninachokifikiria zaidi ni ndege.

Mwaka 1916 Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege nne za Short 827. Zilikuwa za watu wawili, za mbao na kitambaa, mabawa safu mbili, moja juu ya nyingine, upana kama mita 16. Mahali pa magurudumu palikuwa na maboya. Zilikuja vipandevipande ndani ya masanduku: reli kutoka Matadi, meli hadi Stanleyville, reli tena, meli hadi Kindu, reli hadi Kongolo, mto hadi Kabalo, kisha reli mpaka ziwani, iliyokuwa imefika mwaka mmoja tu kabla. Kila penye kushuka na kupanda palitaka mabega ya watu weusi. Bila wapagazi wa Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, hapangekuwa na rubani wa kusifiwa.

Zikaunganishwa Mtoa, kaskazini ya Kalemie, na tarehe 14 Mei rubani Mbelgiji, Aimé Behaeghe, akapaa.

Kupaa kunasifiwa, kutua ndiko kunakonipa baridi. Mei, Juni na Julai ni kiangazi, msimu wa kusi. Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na upepo ukitoka kusini unayasukuma maji njia nzima, mawimbi yakizidi kukua. Nimeona mawimbi hayo yakipasua mbao za mtumbwi mzima wa ndagala. Sasa mtu anateremka juu yake kwa kasi, amebebwa na maboya mawili ya mbao. Boya moja likinaswa na wimbi, bawa linainama, linachota maji, na chombo kinapinduka. Usidhani siku ya maji shwari ndiyo nafuu. Maji yakilala kama kioo, rubani hajui yako mita ngapi chini yake. Anaweza kuyagonga akidhani bado yuko juu. Tena ziwa lenyewe liko mita 770 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na ya joto, injini inapungukiwa nguvu, na ndege hulazimika kuyagusa maji kwa kasi zaidi kuliko ingekuwa pwani. Ndiyo maana marubani walitafuta maji yaliyokingwa dhidi ya upepo, wakaacha ziwa wazi.

Tarehe 10 Juni wakavuka kwenda Kigoma, karibu kilomita 100, kuitupia mabomu meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli haikuzama siku hiyo. Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai, mashine zimepakwa grisi ili siku moja ifufuliwe, na siku mbili baadaye askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, wakaingia mjini. Huku kwetu kaskazini Usumbura ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwao tangu Juni, kwa miguu ya askari.

Kwangu mimi, sifa ya Behaeghe haiko kwenye mabomu. Iko kwenye kila mara alipoirudisha ndege ile majini ikiwa nzima, kwenye ziwa ambalo hakuzaliwa kando yake. Halikumuua. Alifia Niemba, kwenye njia ya reli, tarehe 3 Desemba 1916, kwa ugonjwa.