"Better" Lilitoka Wapi? Neno Moja la Kiingereza na Kazi ya Mfasiri

Wanafunzi wetu wa tafsiri wanapokutana na neno la Kiingereza "better", wengi huandika "bora zaidi" na kuendelea. Katika makala haya fupi tunaonyesha, kwa njia ya historia, kwa nini jibu hilo halitoshi.

Kwanza, "better" halikuundwa kutokana na "good". Tangu Kiingereza cha Kale, kabla ya karne ya 12, maneno hayo mawili yalikuwa na mizizi tofauti. Kijerumani nacho kina "gut" na "besser". Mzizi wa "better" una undugu na neno la kale "bot", lililomaanisha msaada, tiba au faida. Maana ya tiba ingali hai. "The patient is better" yaweza kumaanisha kwamba mgonjwa amepata nafuu, au kwamba amepona kabisa. Kiswahili hutenganisha hali hizo mbili. Mfasiri akiandika "amepona" mahali pa "amepata nafuu", jamaa wa mgonjwa wanaweza kumwachisha dawa kabla ya wakati.

Pili, kuna "had better". Umbo lake ni la wakati uliopita, lakini huzungumzia jambo lijalo. Zamani Waingereza walitumia muundo wenye maana ya "ingekuwa heri kwangu". Baadaye mtenda akawekwa mbele na kitenzi kikabadilika. Leo muundo huo mara nyingi hubeba onyo. Mwenye deni akiambiwa "You had better pay", tafsiri ya "ni bora ulipe" hugeuza tishio kuwa ushauri. "Ulipe, la sivyo utaona" inakaribia zaidi.

Tatu, walimu husahihisha "more better" kwa wino mwekundu, wakidhani ni athari ya "bora zaidi" peke yake. Athari hiyo ipo. Hata hivyo, Shakespeare alilinganisha mara mbili namna hiyo katika The Tempest, mwaka 1611 hivi. Wanasarufi wa karne ya 18, akiwemo Robert Lowth katika sarufi yake ya mwaka 1762, ndio waliolikemea jambo hilo. Tuendelee kusahihisha, ila tusimdhihaki mwanafunzi.

Kwa upande wetu, "afadhali" limetokana na neno la Kiarabu ambalo lenyewe ni la ulinganishi, na "heri" limetokana na neno ambalo katika Kiarabu humaanisha wema na pia ubora wa kitu kuliko kingine. Wahenga walisema: heri nusu shari kuliko shari kamili. Shari haina wema wowote, lakini nusu yake ni "better".

Rai yetu kwa walimu ni kwamba neno hili lifundishwe ndani ya sentensi kamili, na mwanafunzi aulizwe kwanza: nani anamwambia nani, na kwa nia gani?