Siku, Pombe na Wahenga: Mashindano ya Mafundisho katika Nchi ya Wagusii

Asomaye habari za Wayunani wa kale hukuta kwamba Wastoiko na Waepikureo hawakushindana kwa maneno matupu. Walibishania namna mtu apaswavyo kuishi, na kila chuo kilitambulikana kwa mwenendo wa wanafunzi wake. Madhumuni ya insha hii ni kuonyesha kuwa mashindano ya namna hiyo yalitokea pia Kisii na Nyamira katika karne ya 20.

Misheni ya Kikatoliki ilifunguliwa Nyabururu mwaka 1911. Waadventista Wasabato, waliokwisha kufika Gendia mwaka 1906, nao wakajenga Nyanchwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wote walihubiri Biblia, lakini walihitilafiana juu ya siku ya kupumzika, ubatizo na vyakula. Msabato aliadhimisha Jumamosi, akakatazwa pombe na tumbaku; Mkatoliki alishika Jumapili, wala hakukatazwa kunywa kwa kiasi.

Hitilafu hizi zaweza kuonekana ndogo. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba risaga, yaani kazi ya ujima, iliambatana na pombe. Aliyekataa pombe hakukataa kinywaji tu, bali alijitenga na njia ambayo majirani walilipana jasho lao. Kadhalika, aliyeacha kutambikia wahenga aliwatia hofu jamaa zake, walioamini kuwa mhenga aliyesahauliwa huweza kuleta maradhi nyumbani.

Fundisho la tatu lilizipinga misheni zote mbili. Dini ya Mumbo, iliyoanzishwa na Onyango Dunde huko Alego mwaka 1913, ilienea hadi Gusii ikitabiri kuwa Wazungu watatoweka, na ikiwataka watu wayaache mavazi na desturi zao. Vita vilipofika Kisii mwezi Septemba 1914, misheni ziliporwa. Waingereza walirudi, na baadaye viongozi wa Mumbo wakahamishwa mbali na kwao.

Mengi tuyajuayo juu ya Wastoiko wa kwanza yamehifadhiwa na wapinzani wao, mathalani Plutarch. Ndivyo ilivyo kwa Mumbo: sehemu kubwa ya habari zake imo katika taarifa za maofisa na wamisionari walioichukia. Misheni zilikuwa na vitabu. Mumbo ilikuwa na vinywa vya wafuasi wake. Kwa hiyo ni wajibu wa wanafunzi wa lugha zetu kuyakusanya masimulizi ya wazee kwa Ekegusii chenyewe, ili mshindwa naye asikike kwa kauli yake.