Foleni Iliyohamia Ndani ya Mashine

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtu aliyetaka kutumia IBM 701 alijiandikisha zamu kama anayengoja daktari. Saa yake ikifika aliingia na bunda la kadi zilizotobolewa, akafunga kanda za sumaku, akabonyeza swichi. Programu ikikwama aliduwaa mbele ya taa za mashine akitafuta kosa, na kompyuta iliyokodiwa kwa maelfu ya dola kwa mwezi ikakaa bure pamoja naye.

Waliochoshwa na hasara hiyo walikuwa wateja. Robert Patrick wa General Motors na Owen Mock wa North American Aviation, kiwanda cha ndege, waliongoza kazi ya kuandika mfumo uliojulikana kama GM-NAA I/O, ulioanza kutumika mwaka 1956 kwenye IBM 704. Kazi nyingi zilipangwa pamoja kwenye kanda moja. Moja ikimalizika, au ikianguka njiani, mfumo ulishika tena usukani na kuita inayofuata bila kumngoja binadamu. Wengi huutaja kuwa mfumo endeshi wa kwanza kutumika kikazi, na ni haki kukumbuka kwamba haukutoka kwa muuzaji wa mashine.

Ubaya mkubwa uliobaki ulikuwa tofauti ya mwendo. IBM 704 iliweza kujumlisha namba mara 12,000 kwa sekunde, lakini kisomaji chake kilipitisha kadi 250 tu kwa dakika. Kadi moja ikipita, nafasi ya kujumlisha karibu mara 3,000 imepotea. Ndiyo maana vituo vikubwa vilinunua kompyuta ndogo kuwa mtumishi wa ile kubwa: IBM 1401, iliyotangazwa mwaka 1959, ilihamisha kadi kwenda kwenye kanda, na baadaye ikachapa majibu kwa kasi ya mistari 600 kwa dakika. Kati ya mashine hizo mbili, kanda zilibebwa kwa mikono.

Gharama ya mpango huo ilimwangukia mwandishi wa programu. Hakuruhusiwa tena kuigusa kompyuta. Alikabidhi bunda lake dirishani, akaondoka, akarudi baada ya saa kadhaa au kesho yake kuchukua karatasi. Koma moja iliyosahaulika iliweza kumlia siku nzima! Hivyo watu walijizoeza kukagua programu kwa macho, mstari kwa mstari, kabla ya kuipeleka.

Manchester, Uingereza, kompyuta ya Atlas iliyozinduliwa mwaka 1962 iliondoa ubebaji huo wa kanda. Timu ya Tom Kilburn iliijenga, na David Howarth akawa miongoni mwa waandishi wakuu wa mfumo wake. Kompyuta yenyewe ilikatiza hesabu kwa kitambo kidogo sana ili kupokea data kutoka kwenye visomaji, ikaihifadhi mahali palipoitwa kisima, kisha ikarudi kwenye hesabu. Matokeo nayo yalingojea printa katika kisima kingine. Huo ndio msingi wa spuli, yaani kuhifadhi data pembeni hadi zamu yake ifike.

IBM ilipotoa OS/360, mfumo mkubwa na mzito, upokeaji wake wa kazi uliwakera watu wa Houston, kwenye kituo cha NASA cha safari za anga. Wafanyakazi wa IBM waliokuwa huko, Tom Simpson na Bob Crabtree, wakaandika programu iliyoitwa HASP. Ilisoma kadi kwa kasi yote ya kisomaji, ikaziweka kwenye diski, ikapanga foleni kwa kipaumbele, na kuchapa matokeo huku kazi nyingine zikiendelea. IBM iliigawa kama mchango wa wafanyakazi wake, bila kujifunga kuitunza. Vituo viliipenda hata hivyo, na katika miaka ya 1970 kampuni ikaigeuza kuwa JES2, sehemu rasmi ya mfumo wake.

JES2 ingali kazini katika z/OS, mfumo wa kompyuta kuu za IBM za leo. Kazi inapoanza, mwendeshaji huona ujumbe wenye alama $HASP373, inapomalizika, $HASP395.