Kisima cha Wake Wawili: Safari Yetu ya Pujini



Tuliposema tunakwenda Pujini, mama zetu waliuliza suali moja tu: "Hamuogopi?" Hatukuwalaumu. Sisi tuliolelewa Pemba tulikuwa tukitishwa kwa jina la Mkama Ndume kila tulipochelewa kurudi ndani magharibi. Tukiambiwa kwamba kule kwake husikika wanawake wakiteta kisimani, na ukienda kuangalia humuoni mtu. Basi tukasoma dua zetu, tukafunga mikate ya ufuta na chupa za maji, tukatoka Chake Chake asubuhi mapema, wanawake sita.

Pujini iko kusini mashariki ya Chake, kiasi cha kilomita 10. Tulianza kwa sheha, kama adabu ya shamba inavyotaka, naye akatupa mtu wa kutuongoza.

Ukifika usitarajie kuona jumba. Yaliyobaki ni tuta la udongo lililozunguka kiwanja, handaki, na mabaki ya kuta za mawe yaliyofunikwa na majani. Lakini ni mahali pakubwa katika historia yetu. Ngome hii ni ya karne ya 15, kabla Vasco da Gama hajapita pwani yetu mwaka 1498. Wengi wetu tulifundishwa kwamba ngome zililetwa na Wareno, kisha Waarabu wa Oman. Pujini inatuambia kwamba kulikuwa na Waswahili waliojijengea ngome kabla ya wageni hao. F. B. Pearce, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1920. Baadaye mtaalamu wa mambo ya kale, Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, alikuja kuichimba na kuichunguza.

Mwenye ngome anatajwa kuwa Muhammad bin Abdulrahman. Lakini jina lililobaki midomoni mwa watu ni Mkama Ndume. Kukama ni kukamua, kama mtu anavyokama ng'ombe. Yeye alikama wanaume. Inasimuliwa kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe vichwani huku wakijiburura kwa makalio, wasisimame. Iwe ilitokea hivyo hasa au imeongezwa chumvi, hadithi ya namna hii haitungwi na mfalme. Imehifadhiwa na wajukuu wa waliobeba mawe. Zaidi ya miaka 500 imepita na bado hawajamsamehe.

Kisha tukaoneshwa kisima.

Mkama Ndume, wanasema, alikuwa na wake wawili wasiopatana hata kidogo. Kisima kikawa kimoja, lakini kikatiwa ukuta katikati. Mke mmoja alishuka kwa ngazi kuteka maji yake, mwenziwe aliteka kutoka juu kwa ndoo na kamba, ili wasionane nyuso. Hadithi hii husimuliwa kwa kicheko, kwamba tazameni wivu wa wanawake ulivyo, hata maji hayachangiki! Nasi tulicheka. Isipokuwa mwenzetu mmoja. Yeye aliutazama ule ukuta muda mrefu, kisha akasema, "Lakini huu hakuujenga mwanamke."

Tukanyamaza. Ni kweli. Majina ya wake wale hatukuwahi kuambiwa. Hakuna aliyetuhadithia walitoka kwa nani, waliolewa wakiwa na umri gani, wala kama waliulizwa. Kilichobaki kwao ni ugomvi tu, na ugomvi wenyewe umesimuliwa na wengine.

Mwisho tuliteremka kwenye chumba cha chini ya ardhi. Hapa ndipo penye hofu yenyewe. Ukutani kumechorwa kwa chokaa umbo la siwa, ile baragumu kubwa iliyokuwa alama ya utawala katika miji ya Waswahili, kama zile za Lamu na Pate. Wataalamu wanaamini palikuwa mahali pa ibada au mizimu. Kwa muda mrefu watu wamekuwa wakija hapa kuweka ubani na nadhiri, kuomba wanachokitaka.

Mwenzetu yule yule alitaka abaki nyuma kidogo. Tulimuona anafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na ubani na chupa ndogo ya marashi. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini alikazania sana safari hii. (Ametupa ruhusa kuyaandika haya.) Ameolewa miaka saba, hajajaaliwa mtoto, na upande wa mume wameanza kumtafutia bwana mke wa pili. Mtu alimwambia, nenda Pujini.

Hakuna aliyemkaripia. Tuseme nini? Kila mmoja wetu ana jambo aliloliomba kwa machozi. Kwamba majini wapo tunaamini, maana ni viumbe vya Mwenyezi Mungu. Kuwaomba ni jambo jengine, na hilo alilijua kama tunavyolijua sisi. Mkubwa wetu alikaa kando yake pale chini, akamshika mkono, hakusema neno. Baada ya muda akaufunga tena ubani wake.

Tulipotoka juani alisema, "Nimuombe aliyejenga ukuta ule anitengenezee ndoa yangu?" Kisha akacheka na kulia pamoja, nasi tukalia naye.

Wiki iliyofuata mmoja wetu alimsindikiza hospitali. Safari hii na mume alikwenda, maana mara nyingi anayechunguzwa ni mke peke yake, ilhali sababu inaweza kuwa kwa yeyote kati ya wawili, au kwa wote. Majibu yao ni yao. Ule ubani tuliufukiza kwake, siku aliyotualika chakula, na nyumba nzima ikanukia.

Dada zetu, wako wanaosema tusiende mahali kama hapa kwa sababu ya mashetani, na wako wanaokwenda kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tunasema kuna njia ya tatu. Dini yetu imetuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliopita. Pujini ina mwisho wa jabari, uko wazi. Ngome imeota majani na jina lake limekuwa la kutishia watoto. Ina pia alama ya wanawake wawili waliotengwa na ukuta, na tukiogopa kufika hatutawaulizia.

Mkienda, nendeni asubuhi, mkiwa wengi, na muanze kwa sheha. Vaeni viatu vya kufunika, kwani majani ni marefu. Msiokote jiwe wala kigae, hata kidogo, maana ndicho kitabu chenyewe kile. Na mkifika kisimani, kabla hamjacheka, waombeeni rehema wake wale wawili. Hatujui majina yao. Mola anayajua.