Afya Moja

Afya Moja ni mtazamo wa kitabibu na kiutawala unaochukulia afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira kuwa jambo moja. Unataka daktari wa watu, daktari wa mifugo, mtaalamu wa ikolojia na jamii husika wafanye kazi kwa mpango mmoja badala ya kila idara kusubiri tatizo lifike mlangoni kwake. Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu ambako mtazamo huu umepimwa kwa vitendo, tena mara nyingi kwa gharama kubwa ya maisha, kwa kuwa watu, mifugo na wanyamapori hutumia maji na malisho yaleyale.

Maana na mipaka

Fasili inayotumiwa zaidi ilitolewa Desemba 2021 na jopo la wataalamu lililoundwa mwaka huo na mashirika manne ya kimataifa: Shirika la Afya Duniani (WHO), Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), Shirika la Afya ya Wanyama Duniani na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi. Kwa fasili hiyo Afya Moja si uwanja mpya wa taaluma. Ni namna ya kuunganisha sekta ili kuweka uwiano kati ya afya ya watu, ya wanyama wa kufugwa na wa porini, ya mimea na ya mazingira kwa jumla. Usalama wa chakula, maji safi, hewa na mabadiliko ya tabianchi vimetajwa humo pia.

Hoja ya msingi inatokana na hesabu. Uchunguzi uliochapishwa 2001 uliorodhesha aina 1,415 za vimelea vinavyowadhuru binadamu, na asilimia 61 kati yake vilikuwa vya kuambukizana kati ya wanyama na watu. Kwa magonjwa yanayoibuka, kiwango kilifika asilimia 75. Mtazamo jirani unaoitwa Afya ya Sayari, uliopata nguvu baada ya ripoti ya tume ya Rockefeller na jarida la Lancet mwaka 2015, huanzia kwenye hali ya dunia nzima na hauzungumzii sana mifugo.

Chimbuko

Daktari Mjerumani Rudolf Virchow (1821–1902), aliyechunguza minyoo ya trikinela katika nyama ya nguruwe, alishikilia kwamba hakuna mpaka wa kweli kati ya tiba ya watu na tiba ya wanyama, wala haupaswi kuwapo. Mkanada William Osler alifundisha wanafunzi wa fani zote mbili huko Montreal.

Aliyeupa mtazamo huu umbo lake la kisasa ni Calvin Schwabe (1927–2006), Mmarekani aliyekuwa daktari wa mifugo na mtaalamu wa magonjwa ya minyoo. Schwabe alikaa na Wadinka wa Sudan. Aliona kuwa mganga wao anayemtibu ng'ombe ndiye anayemtibu mwenye ng'ombe, na kwamba ujuzi wa mwili walioupata kwa kuchinja waliutumia kwa binadamu. Kitabu chake kuhusu tiba ya mifugo na afya ya binadamu kilitoka 1964, na katika toleo la 1984 alitetea waziwazi wazo la tiba moja. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya wazo linalofundishwa leo vyuoni ilikuwa tayari ikitekelezwa zizini, na wafugaji hawajapewa sifa wanayostahili.

Septemba 2004, baada ya mlipuko wa SARS na kuenea kwa mafua ya ndege, wataalamu walikutana New York katika Chuo Kikuu cha Rockefeller na kutoa kanuni 12 zinazojulikana kama Kanuni za Manhattan. WHO, FAO na shirika la afya ya wanyama yaliafikiana kugawana majukumu mwaka 2010. UNEP ilijiunga rasmi 2022.

Homa ya Bonde la Ufa

Ugonjwa huu ndio mfano unaotajwa kuliko yote unapoelezwa uhusiano wa mvua, mifugo na wodi ya hospitali. Ulielezwa kwa mara ya kwanza na watafiti wa maabara ya Kabete, Kenya, baada ya wana-kondoo na kondoo wengi kufa mfululizo katika shamba karibu na Ziwa Naivasha miaka ya 1930 na 1931.

Virusi vyake hukaa ndani ya mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, yaliyotagwa kwenye udongo wa mabonde madogo yasiyopitisha maji haraka. Mayai hayo huvumilia ukame kwa miaka. Mvua kubwa isiyo ya kawaida, hasa ile ya El Niño, inapojaza mabonde hayo kwa wiki kadhaa, mbu huanguliwa wakiwa na virusi tayari na kuuma mifugo. Mbu wa aina nyingine huchukua virusi kutoka kwa mifugo hiyo na kuvisambaza zaidi. Dalili inayomshtua mfugaji ni kutupa mimba: kondoo wenye mimba katika kundi zima wanaweza kutupa ndani ya siku chache, na wana-kondoo wachanga hufa karibu wote.

Binadamu huambukizwa zaidi kwa mikono kuliko kwa kuumwa na mbu. Mbuzi aliyedhoofika huchinjwa haraka ili asipotee bure. Mchinjaji hushika kisu bila glavu, damu humrukia usoni, na wanaochuna ngozi na kutenga utumbo huwa wengi kwa sababu kazi ni ya familia. Anayemsaidia kondoo kutoa kijusi kilichokufa, au kuondoa kondo la nyuma, huwa hatarini vilevile. Wengi hupata homa na maumivu ya viungo kisha wakapona. Wachache hupoteza uwezo wa kuona, huvimba ubongo au kutokwa damu, na wanaofariki wengi ni wa kundi hili la mwisho.

Mlipuko wa 1997–98 uliathiri kaskazini mashariki mwa Kenya, Somalia na Tanzania. Mwaka 2000 ugonjwa ulionekana nje ya Afrika kwa mara ya kwanza, Saudi Arabia na Yemen. Saudi Arabia ilizuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika, na zuio hilo kwa Somalia lilidumu hadi 2009. Kwa jamii ambazo fedha zao zote hutoka kwenye mbuzi na kondoo wanaosafirishwa msimu wa Hija, miaka hiyo ilikuwa ya njaa, ingawa takwimu za magonjwa haziioneshi.

Mlipuko wa 2006–07 ndio uliofundisha zaidi. Wataalamu wa NASA, kwa kufuatilia joto la bahari na ukijani wa mimea kupitia setilaiti, walitoa tahadhari kuhusu Pembe ya Afrika wiki kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa Garissa. Wafugaji Wasomali wa eneo hilo, ambao ugonjwa huu wanauita sandik, nao walikuwa wameshaona mvua, makundi ya mbu na mimba zilizotoka. Hata hivyo chanjo ya mifugo Kenya ilianza Januari 2007, wakati watu wameshakufa. Kenya ilipoteza zaidi ya watu 150. Tanzania, ambako ugonjwa ulianzia upande wa Ngorongoro kisha ukaenea hadi Dodoma, zaidi ya 100.

Kilichokosekana hakikuwa taarifa. Setilaiti ilijua na mfugaji alijua, lakini hapakuwa na ofisi moja yenye mamlaka ya kuchukua taarifa ya mvua na taarifa ya kondoo na kuzifanya amri ya chanjo. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika nchi zote mbili ulizaa mpango wa maamuzi wa hatua kwa hatua, unaoonesha la kufanya mvua inapotabiriwa, inaponyesha, mbu wanapoonekana na mifugo inapoanza kutupa mimba. Mpango huo hauwataki maofisa wasubiri mgonjwa wa kwanza, na thamani yake yote iko hapo.

Homa ya mgunda

Julai 2022, wakazi wa Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, walifika kituo cha afya wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 havikuonesha kitu. Baada ya siku za hofu, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza kuwa ni leptospirosisi, iitwayo homa ya mgunda. Hadi katikati ya Agosti wagonjwa walikuwa 20, na watatu kati yao walifariki. Bakteria wa ugonjwa huu hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingia kwenye maji na udongo wenye unyevu, na humpata mtu kupitia michubuko ya miguu na mikono akiwa shambani.

Ugonjwa huu si mgeni kama ulivyodhaniwa. Katika utafiti wa wagonjwa wa homa waliolazwa hospitali mbili za Moshi mwaka 2007–08, kati ya 870 waliochunguzwa, 528 walikuwa wameandikiwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Miongoni mwa waliopimwa kwa kina, zaidi ya robo walikuwa na maambukizi ya bakteria kutoka kwa wanyama: leptospirosisi, brusela, homa ya Q na yale yanayoletwa na kupe. Kwa maneno mengine, mamia ya watu walihesabiwa kuwa wagonjwa wa malaria, na hakuna aliyewauliza kuhusu mbuzi wao.

Kichaa cha mbwa

Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote Asia na Afrika, na takriban wanne kati ya kumi ni watoto. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kuwahi chanjo, huokoa maisha. Lakini chanjo ya binadamu ni ghali na mara nyingi haipo kwenye zahanati. Kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata mnyororo wa maambukizi kwa gharama ndogo zaidi. Tatizo ni kwamba fedha za kumchanja mbwa hutoka wizara moja, na faida yake huonekana kwenye vitabu vya wizara nyingine.

Kazi ya muda mrefu kuzunguka Serengeti imethibitisha nguvu ya kuchanja mbwa. Huko pia, mwaka 1994, ugonjwa wa distempa uliohusishwa na mbwa wa vijijini uliua karibu theluthi moja ya simba. Kenya ilianza mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa mwaka 2014, lengo likiwa 2030.

Kutoka kwa watu kwenda kwa wanyama

Mwaka 1996 masokwe wa milimani wa Bwindi, Uganda, walipata upele. Mtoto mmoja wa sokwe alikufa na wengine wakatibiwa. Ilidhaniwa maambukizi yalitoka kwenye nguo za wakazi wa jirani. Daktari wa wanyamapori Gladys Kalema-Zikusoka, aliyeshughulikia mlipuko huo, alianzisha mwaka 2003 shirika linalounganisha uhifadhi na afya ya jamii, ambapo wahudumu wa vijijini hufundisha usafi na uzazi wa mpango huku wakiripoti masokwe wanaoingia mashambani.

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa

Dawa zilezile za jamii ya tetrasaiklini na penisilini hutibu mtoto na kuku. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo huziuza bila cheti, na muda wa kusubiri baada ya dawa kabla ya kukamua au kuchinja aghalabu hauheshimiwi, na hivyo vimelea huzizoea.

Mazingira

Nguzo hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Mfano unaotumiwa sana kuonesha umuhimu wake ni wa India, ambako dawa ya diklofenaki iliyopewa ng'ombe iliua tai waliokula mizoga yao, na mbwa, walioachiwa mizoga hiyo, wakaongezeka.

Taasisi

Kenya ilitia saini makubaliano kati ya wizara za afya na mifugo mwaka 2011 na kuunda kitengo cha pamoja cha magonjwa ya wanyama na binadamu. Tanzania ilizindua Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2018, mahali panapofaa kwa kuwa ofisi hiyo inaweza kuziita wizara zote mezani. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni kituo kikuu cha utafiti. Mtandao wa vyuo vikuu ulioanzishwa 2010, wenye makao Kampala, hufundisha wanafunzi wa udaktari, mifugo na mazingira pamoja. Rwanda ina mkakati wa kitaifa.

Ukosoaji

Wakosoaji wanasema Afya Moja imejali zaidi magonjwa yanayozitisha nchi tajiri kuliko brusela na kimeta vinavyowatesa wafugaji kila mwaka. Ukosoaji huu una uzito. Mradi wa PREDICT wa Marekani, ulioanza 2009 na kufungwa 2020, ulitafuta virusi visivyojulikana katika popo na nyani wa nchi nyingi, zikiwamo za Afrika Mashariki, wakati wilaya nyingi hazikuwa na mafuta ya pikipiki ya afisa mifugo. Utegemezi wa wafadhili ulionekana wazi zaidi mwaka 2025, shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipofungwa.

Hali ya sasa

Mashirika manne yana mpango wa pamoja wa 2022–2026. Mkataba wa kimataifa kuhusu majanga ya magonjwa, uliopitishwa Geneva Mei 2025, una kifungu kinachohusu Afya Moja. Siku ya Afya Moja huadhimishwa Novemba 3 tangu 2016.