Filta ya AC au Chujio la Hewa ya Abiria?

Ukienda gereji ukasema unataka kubadilisha filta ya hewa, fundi atafungua boneti. Filta anayoijua kwa jina hilo ni ya injini, ambayo wengi huiita pia eya klina. Ipo nyingine, mara nyingi nyuma ya kidroo cha dashibodi, usawa wa magoti ya abiria wa mbele. Hiyo mafundi na wauza vipuri huiita filta ya AC. Jina ni fupi na dukani linaeleweka, lakini kwa dereva wa Gare linapotosha.

Gare iko kwenye milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Gari likiwa Mombo, kwenye joto la tambarare, AC ina kazi. Likishapanda lami ya kilomita 33 kupitia Soni hadi Lushoto mjini, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, baridi inatosha na AC inazimwa. Dereva wa huku akiambiwa filta ya AC imejaa, ni haki yake kujibu kwamba AC yenyewe haitumii.

Kumbe filta hiyo haingoji AC. Kila unapowasha feni, iwe kwa hewa baridi, ya moto au ya kawaida, hewa hupita hapo kwanza ndipo itokee kwenye matundu ya dashibodi. Kiangazi, vumbi jekundu la njia za udongo hunasa humo. Msimu wa ukungu ukifika, abiria wamejaa na madirisha yamefungwa, mvuke wa pumzi zao huganda kwenye kioo cha mbele. Feni ndiyo ya kukikausha, na filta iliyoziba huipunguzia nguvu. Kwenye kona za milimani, kioo kisichoonyesha mbele ni hatari kwa wote waliomo.

Chujio ni neno letu la jikoni, la tui na chai, nalo limekwisha kukubalika kwa mafuta na hewa. Kinachobaki ni kusema hewa ya nani. Wapo wanaoandika “ya kabini”, lakini kwa wengi kabini ni ya lori. Napendekeza “chujio la hewa ya abiria”, likae sambamba na “chujio la hewa ya injini”. Anayesikia majina hayo mawili hawezi kuyachanganya, na anajua mara moja kwamba hili la kwanza linahusu mapafu yake, AC iwepo isiwepo.

Kulichagua si kazi ngumu. Nenda dukani na la zamani, au na namba ya chesisi, maana urefu, upana na unene lazima vilingane. Likipwaya, vumbi litapita pembeni. La kawaida hunasa vumbi na chavua. Lenye mkaa maalumu, aghalabu la rangi ya kijivu, hupunguza pia harufu na moshi, na bei yake ni kubwa zaidi.

Kulibadilisha, toa vitu vyote kwenye kidroo, bana kuta zake mbili kwa ndani hadi kishuke, kisha fungua kifuniko cha plastiki kilicho nyuma yake. Livute polepole, lisimwage majani na mchanga kwenye feni. Jipya huwa na mshale ubavuni: uelekeze kule hewa inakokwenda. La karatasi usilioshe, wala usilipulize kwa kompresa, kwani nyuzi zake huharibika.

Watengenezaji wengi hushauri kulibadilisha kati ya kilomita 15,000 na 30,000, na mapema zaidi penye vumbi. Kwa gari la Gare, likague kiangazi kinapoisha, kabla ya mvua na ukungu. Na ukifika kwa fundi, litaje kwa jina lake kamili, kisha umwonyeshe kidroo.